Mbuzi wa PC Mbithe

Tangu kulipokucha Mumo alikuwa hatulii. Alifagia uwanja, akaona haujafagika, akaurudia. Aliwapa kuku maji, akayamwaga, akawapa mengine. Na kila akimaliza kazi moja miguu ilimrudisha kule kule, kwenye zizi la nyuma, kuwatazama mbuzi watatu ambao PC alikuwa amewatenga na wenzao.

Hawakuwa mbuzi wa kuuza. Wa kuuza walipelekwa Masii siku ya soko jinsi walivyo, na vumbi lao na kupe wao. Hawa walikuwa wanalishwa. PC mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, alikuja kila jioni na matawi ya mbaazi mkononi, akawafungua midomo awaone meno, akawapapasa migongo, kisha akaondoka bila neno. Na pale Ukambani kila mtu anajua mbuzi watatu wanaotengwa namna ile wanakwenda wapi. Ni mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa kwa kina msichana. Wakishapokelewa na kuchinjwa, msichana si wa kwao tena, ameolewa.

Sasa nani anaoa? Hilo ndilo lililomzungusha Mumo. Katika boma lile hapakuwa na mwanamume hata mmoja.

Mwenye boma alikuwa Mbithe binti Ndeti, ingawa ni wachache waliobaki wa kumwita Mbithe. Aliitwa PC, yaani mkuu wa mkoa. Zamani, kabla ya kaunti na magavana, nchi ilipokuwa imegawanywa mikoa, alikaa juu ya mkoa mzima, mkoa wa mbali wenye ngamia na jua lisilo na huruma. Enzi hizo wanawake wa cheo kile ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Madisii, wakuu wa wilaya, walisimama akiingia, machifu wakavua kofia. Hakuolewa, hakuzaa. Alirudi Masii na sanduku la sare za kaki, kifimbo cha kubana kwapani, na desturi zake. Hakupiga hodi katika mlango wowote. Hakumfuata mtu, watu walimjia. Na kila akimaliza kukuambia jambo alisema, "Umenielewa?" Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

Mumo alikuwa amekaa naye tangu mvua za mwaka juzi. Kabla ya hapo alishona mifuko ya jinzi katika kiwanda kimoja cha EPZ, cha nguo za kupelekwa ng'ambo, Athi River. Mfuko wa kulia tu, kutwa nzima, mwingine akishona wa kushoto. Akalala Mlolongo katika chumba cha kupanga ambacho vumbi la machimbo liliingia hata kwenye chumvi. Siku oda zilipokatika waliambiwa getini wasirudi. Alikuwa na darasa la nane na mikono mizuri, basi. Mama yake, Kasiva, ndiye aliyemtafutia kazi ya kumtunza PC: kumpikia, kumtia dawa ya macho, kumvalisha soksi ndefu za miguu inayovimba. Mumo hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama, na mtu wa kutazama hupendwa na wazee kwa sababu hawakatizi maneno.

Saa saba mchana ilikuwa saa nzito katika nyumba ile. PC aliketi wima kwenye kiti chake kinachoelekea mlango, redio mbele yake, kiganja juu ya redio kama mtu aliyemshika mtoto kichwani, na mpaka taarifa ya habari iishe hapakuwa na kijiko cha kugonga sahani. Ikiisha, alisimulia. Habari ilikuwa ile ile, na Mumo alikuwa ameisikia hata angeweza kuisimulia usingizini.

"Niliteuliwa nikila muthokoi kama huu," PC alianza siku ile pia. "Nilikuwa DC wa mahali padogo, hata lami hakuna. Redio ikasema, Bi Mbithe Ndeti ameteuliwa kuwa mkuu wa mkoa kuanzia leo. Kijiko kilikuwa hapa." Akagusa kidevu. "Hakuna mtu alikuwa ameniambia. Nilisikia pamoja na wewe, na yule, na muuza nyanya."

"Ukafanya nini, PC?" Mumo aliuliza, kwa kuwa ndipo mahali pa kuuliza.

"Nikameza. Nikafunga nguo. Ndege ikatua kule, wazee wamepanga mstari, wananisalimia huku wanachungulia nyuma yangu. Nikawauliza, mnamtafuta nani? Wakasema, tunamngoja PC ashuke. Nikawaambia PC ameshashuka." Akatikisika kwa kicheko. "Wakaenda kumpa mkono rubani!"

Wakacheka wote wawili. Kisha ikaja ile sehemu ya pili, ambayo PC aliisema upesi upesi akitazama mlangoni.

"Na kuondolewa, vile vile. Saa saba. Sahani sijamaliza, dereva akaingia, akasema nisamehe Mama, akatoka kwenda kung'oa bendera kwenye gari. Redio bado inasoma hali ya hewa."

Kwa kawaida hapo Mumo aliondoa vyombo. Leo PC alimwonyesha kiti.

"Kaa chini."

Mumo hakuwa amewahi kukikalia kiti kile. Alikaa pembeni, matako nusu.

"Jumamosi tunakwenda kwenu. Nimeongea na mamako, amekubali. Wale mbuzi ni wako. Utaolewa katika nyumba hii, uwe wa nyumba hii. Watoto utakaozaa wataitwa wa Ndeti, na shamba hili litakuwa lao. Umenielewa?"

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Mumo. Hakujua amekishika tangu lini.

"Ndiyo, PC," akasema.

*

Alikwenda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo simu ilishika mtandao, akampigia mama yake.

"Wee, umeambiwa?" Kasiva alipokea kwa furaha. "Nilikuwa nimekatazwa kusema, mdomo ulikuwa unaniwasha!"

"Mwaitu, kwa nini hamkuniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka."

"Haiya! Ulipoenda EPZ nilikuuliza? Ulipotoka nilikuuliza? Sikia mimi. Utakuwa iweto. Si wewe wa kwanza, hata nyanya ya jirani yetu Mutuku alikuwa iweto, na ona vile ile boma imejaa. Mama hana mtoto, anatoa mbuzi, anaoa msichana, msichana anamjazia nyumba. Mwanaume ni wako kuchagua, anakuja anaenda, hana la kusema. Dadako Ndila aliolewa na mwanaume kamili, tena kwa harusi ya kanisa. Ulimwona jino lake?"

"Nililiona."

"Sasa huko nani atakupiga? PC? Na hayo magoti?" Kasiva akaangua kicheko. "Mtoto wangu, unapewa shamba lenye matuta na tangi la maji, unaniuliza mbona hukuulizwa. Ungeulizwa ungesema nini?"

 Mumo akakata simu akisingizia salio.

Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipokuwa. Jambo lenyewe hakuweza kulitukana. Mara mbili siku ile alijikuta amesimama juu ya matuta akiwaza kwamba lile la chini lingefaa ndengu, na kwamba mfereji ukichimbwa pale maji ya mvua hayatapotea. Mara zote mbili alijishtukia, akajikasirikia, akaondoka haraka kama aliyekutwa ameshika kitu cha watu. Akaenda akafua nguo ambazo alizifua jana.

Jioni akaja Munyao. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake PC, mwanamume wa makamo mwenye duka la mbegu pale Masii, na tangu zamani alilitazama shamba la shangazi yake kama mtu anayetazama chakula kinachoiva. Alimkuta Mumo anaanua.

"Shikamoo, shangazi mdogo," akasema, akainama mpaka kofia ikaanguka.

Mumo aliendelea kukunja shuka.

"Ama nikuite nani? Shangazi yangu akioa, mke wake ni nani yangu? Nimewauliza watu sokoni, kila mtu anacheka tu." Akaiokota kofia, akaikung'uta gotini. "Mimi sina maneno na wewe. Lakini jiulize. Huyo mama alitawala watu hawamjui, wakamwogopa. Sasa amebaki na mtu mmoja tu wa kutawala. Ni nani huyo?"

"Hujakunywa chai, Munyao," Mumo akasema. "Ingia ndani."

"Sinywi. Jumamosi mimi ndiye nitazipeleka hizo mbuzi. Ameniamuru! Mimi, nizipeleke zinifukuze kwa shamba la babu yangu." Safari hii hakuwa anacheka. "Na nitazipeleka. Nani amewahi kumwambia hapana?"

Alipoondoka Mumo alimpigia Jeff. Jeff alikuwa fundi wa pancha kule Mlolongo, karibu na mizani ya malori, kijana wa mikono myeusi na maneno mengi. Walipendana kwa namna ya watu wanaopanga vyumba vinavyotazamana: chakula kwa chakula, mzaha kwa mzaha.

"Niaje, Mumo."

"Poa. Jeff, naolewa Jumamosi."

Kelele za gurudumu kupigwa nyundo zikanyamaza. "Na msee gani?"

"Na PC."

"PC yule mathee?" Akacheka, akangoja Mumo acheke, Mumo hakucheka. "Aki uko serious. Sasa mimi nitakuwa nani? Dereva wa PC?"

"Sijui utakuwa nani. Wewe umewahi kuniuliza kitu?"

"Nilikuwa nangoja job ishike, si unajua hii kazi..."

"Najua," Mumo akasema, na kweli alijua. Alibaki ameishika simu mpaka Jeff akasema lori limefika, atampigia baadaye. Hakupiga.

*

Jumamosi uwanja wa Kasiva ulijaa. Viti viliazimwa kanisani, sufuria kubwa kwa majirani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuimba kabla ya gari la Munyao kupanda kilima na mbuzi watatu wakilia nyuma. PC alishuka amevaa suti ya kijivu, kifimbo kwapani. Kwa desturi mzee wa upande wa muoaji ndiye husema kwa niaba yake, azunguke na maneno, aseme wameona ua zuri katika boma hili, watu wacheke, wabishane kidogo. PC hakuwa na mzee. Alisimama katikati ya uwanja mwenyewe.

"Wananchi, hamjambo!"

"Hatujambo!" watu wakaitika kwa sauti moja, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa mikoa. Kuna namna ya kusema ambayo inakuitikisha.

Mumo alikuwa mlangoni mwa jiko, birika la chai mkononi. Aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona. Aliona kwamba soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imevaliwa vibaya, kwa sababu Mumo alikuwa amelala kwao na hakuwapo wa kuivalisha. Aliona kwamba PC amesimama akiutegemea mguu wa kulia.

"Nimekuja kwa jambo moja," PC alisema. "Nyumba ya Ndeti haitafungwa. Nimemchagua Mumo, msichana wa boma hili. Mama yake amekubali. Mbuzi ni hawa. Kuanzia leo ni wa nyumba yangu." Akapumua. "Kuna swali?"

Katika mikutano ya PC "kuna swali" ilikuwa namna ya kufunga mkutano, na alikwisha kugeuka kuelekea kiti. Wanawake walikwisha kuvuta pumzi za kupiga vigelegele. Kasiva alikwisha kumpa ishara mwenye kisu.

"Niko na swali," Mumo akasema.

Hakusema kwa nguvu, ila uwanja ulikuwa umenyamaza kidogo pale pale, na sauti ikapita katikati.

"Ooh! Mke ameongea!" Munyao akapiga makofi. "Mpeni maiki!"

Watu wakacheka. Kasiva akasema kwa meno, "Mumo, rudi jikoni, chai inapoa."

"Mwacheni," PC akasema. Alikuwa amegeuka, na uso wake ulikuwa ule wa redio, wa kusikiliza.

Mumo aliliweka birika chini. Mikono ilikosa pa kwenda, akaishika leso. "PC, ile siku walikutangaza. Kijiko kilikuwa wapi?"

Mkono wa PC ulipanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukagusa kidevu. "Hapa."

"Changu pia kiko hapo. Tangu Jumatano."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa wawili. Watu walitazamana. Munyao akasema, "Hilo si swali, ni kitendawili."

"Swali linakuja." Mumo hakumtazama Munyao. "PC, kama wangekuuliza kwanza, kabla ya redio, ungesema nini?"

Mbuzi mmoja alilia. PC alifungua mdomo jinsi alivyoufungua mbele ya maelfu, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Masii hakikutoka kitu. Aliufunga. Alitazama kifimbo, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa juu yake.

"Sijui," akasema mwishowe. "Hakuna aliyewahi kuniuliza ningesema nini."

Halafu akatembea mpaka kwenye gari, polepole, soksi imekunjamana kifundoni, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Kabla ya kuingia akasema, "Munyao, pakia mbuzi."

*

Kasiva alilia, akatukana, akapiga sufuria tupu kwa mwiko. "Umenivua nguo mbele ya kanisa nzima! Swali! Wewe na maswali ni wapi na wapi?" Majirani walikunywa chai yao kimya na kurudisha viti. Mumo alikaa kwao siku ya Bwana ikapita, akiingia akitoka, akikaa akisimama. Alijua kazi imekwisha. Lakini kila akifumba macho aliiona ile soksi. Jumatatu asubuhi akavaa viatu akaenda. Alijiambia kwamba anakwenda kuchukua nguo zake tu.

PC alikuwa ameketi kitandani, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Hakumtazama Mumo. Aliuinua mguu, Mumo akapiga magoti akamvalisha, basi. Hakuna aliyesema amerudi, hakuna aliyesema karibu.

Siku hizo zilikuwa ngumu kuliko zile za kabla. Taarifa ya saa saba ilisomwa, ikaisha, na PC hakusimulia kitu. Alikula akitazama ukuta. Mumo naye akapika, akafagia, akasikiliza nyayo zikizunguka chumbani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mbuzi watatu walibaki katika zizi lao la peke yao, wakinenepa bila sababu. Munyao alikuja na mtu wa bucha, amechangamka.

"Shangazi, hizi si hazina kazi tena? Niletewe bei?"

"Hawauzwi."

"Lakini shangazi, msichana alikukataa watu wote wakisikia..."

"Aliuliza," PC akasema. "Wewe hujui tofauti, na mimi pia sikuijua. Funga lango ukitoka."

Mumo alisikia akiwa jikoni, na unga ukammwagikia.

Siku iliyofuata alikuwa shambani, tuta la chini, anachuma mbaazi. Jua lilikuwa kichwani. Kutoka nyumbani alisikia mlio wa redio, ule muziki unaotangulia taarifa ya habari, akajua PC ameketi. Ndipo akaona kitu cheupe kinashuka kati ya mimea, kinasimama, kinashuka tena. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha PC. Alikuwa anateremka matuta kwa matako pale ambapo magoti yalikataa, kama mtoto, kifimbo amekichomeka ardhini kumzuia.

Mumo alitupa kikapu akakimbia. "PC! Utaanguka! Si ungeniita?"

"Nimekuita maisha yako yote hapa," PC akasema, anahema. "Ngoja nipumue."

Walikaa juu ya ukingo wa tuta. Kule juu redio ilikuwa inasoma habari kwa nyumba tupu.

"Habari inakupita," Mumo akasema.

"Ipite." PC alijipangusa jasho. "Lile swali lako limeninyima usingizi. Wangeniuliza, ningekubali. Nilikitaka kile cheo, Mumo, nisikudanganye. Nilikitaka kuliko chakula. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja, Kitonga. Tulikuwa tumepatana akishapata uhamisho anioe. Naye alisikia kwa redio. Akasafiri mpaka kwangu, nikampokea ofisini, askari mlangoni. Akaniuliza, hukujua? Nikamwambia sikujua. Hakuniamini. Ungekuwa wewe ungeamini?" Aling'oa unyasi. "Wangeniuliza kwanza, ningemwendea nimwambie kwa mdomo wangu. Ni hilo tu. Lingekuwa hilo tu."

Mumo alitazama mikono ya mama yule, na udongo uliokuwa umeingia kwenye kucha.

"Sasa," PC akasema, akakohoa. Ilikuwa wazi kwamba hajui sentensi ya namna hii huanza vipi. "Mumo binti Kasiva. Unataka kuwa wa nyumba yangu? Ume..." Aliimeza ile ya mwisho. Mumo aliiona ikishuka kooni.

"Nikikataa?"

"Utakuwa umekataa."

"Na kazi?"

"Kazi iko. Soksi hazijui mambo hayo."

Mumo akacheka bila kutaka. "Na baba wa watoto?"

"Hiyo haijawahi kuwa kazi ya serikali. Mchague mwenyewe."

"Na hao watoto, ukitaka kuwafanyia jambo, utawauliza?"

PC alikichomoa kifimbo ardhini. "Utanikumbusha," akasema.

Mumo alisimama, akakaa, akasimama tena. Jibu lilikuwa limeshamfika mdomoni, zito, lina ladha ya ndengu na mfereji wa maji. Lakini halikuwa la kutolewa pale.

"Kuna mtu Mlolongo," akasema. "Nitamwambia kwa mdomo wangu kwanza. Nikirudi ndio nitakujibu."

"Utarudi lini?"

"Nikirudi, PC."

Mama yule ambaye hakuwahi kungoja ndege alitikisa kichwa kukubali. Kisha akavuta kikapu karibu, akaanza kuchuma mbaazi, vibaya, na majani yake.

*

Jeff alikuwa chini ya lori. Alitoka, akajifuta kwa tambara, akasikiliza yote. Malori yalipita, vumbi likawafunika, likatulia.

"So umekuja kuniambia tu," akasema.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe."

"Na ningesema tukae pamoja?"

Mumo akangoja. Kungoja alikujua. Alingoja Jeff akifunga nati, akifungua, akitazama barabara. Dereva wa lori akapiga honi. "Buda, niko na mzigo!" Jeff akasema, "Nakam," akamtazama Mumo kwa macho ya mtu anayetaka asaidiwe sentensi. Mumo hakumsaidia. Jeff akarudi chini ya lori.

Siku ya soko Mumo alifungua zizi la nyuma mwenyewe. Munyao hakuitwa, wala gari. Aliwafunga mbuzi watatu kamba moja akawatoa njia kuu kuelekea kwa mama yake, na nyuma yake, hatua mbili na kupumzika, hatua mbili na kupumzika, alikuja PC na kifimbo, akiwachapa mbuzi waliobaki nyuma. Tangu lini msichana akajipelekea ntheo yake mwenyewe? Watu walitoka madukani. Mbele ya duka la mbegu Munyao alisimama mdomo wazi, gunia begani.

"Wee Mumo!" mama mmoja muuza nyanya akamwita, anacheka mpaka anashika tumbo. "Hizo mbuzi ni za nani?"

"Zangu," Mumo akasema, akavuta kamba, kwa kuwa yule wa mbele alikuwa ameziona kabichi.